Kaburi la Nyali na Ulimi wa Kujifunza: Maisha ya Johann Ludwig Krapf (1810–1881)

Mwanafunzi wa Kiswahili hukutana na jina la Johann Ludwig Krapf mapema sana katika masomo yake. Hulikuta katika mihadhara kuhusu historia ya sarufi, katika mijadala kuhusu hati za Kiarabu na za Kirumi, na katika orodha ya kamusi za kale. Aghalabu jina hilo hutajwa kwa mkato: Mjerumani aliyeandika sarufi ya mwaka wa 1850 na kamusi ya mwaka wa 1882. Baada ya hapo mhadhara huendelea na Edward Steere na wengineo. Hata hivyo, Krapf hakuvuka bahari kwa ajili ya sarufi. Sarufi kwake ilikuwa ngazi. Alichokuwa akikipandia ni mazungumzo, kwa maana alitaka kumweleza mtu asiyemjua, kwa lugha ya mtu huyo, imani aliyokuwa nayo moyoni.

Kazi hiyo huonekana nyepesi kwa anayeisikia ikisimuliwa. Kwa anayeitenda ni nzito, maadamu humtaka mja aanike jambo analolithamini kuliko yote mbele ya watu wanaoweza kumcheka, kumpuuza au kumfukuza. Yamkini ndiyo sababu waumini wengi huiacha mikononi mwa makasisi. Maisha ya Krapf yanaonyesha namna ujasiri wa aina hiyo unavyopatikana, unavyopotea, na unavyotafutwa upya.

Mtoto Aliyesimulia Mashambani

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, katika ufalme wa Württemberg ambao leo ni sehemu ya Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Familia yao ilikuwa ya Kilutheri, na eneo lile lilikuwa limeguswa sana na vuguvugu la uchaji lililowahimiza waumini kuisoma Biblia nyumbani na kuichunguza mioyo yao.

Alipokuwa na umri wa miaka 11, jirani mmoja alimpiga vibaya kwa kosa ambalo hakulitenda. Kijana akaugua kwa takriban miezi sita. Kitandani hakuwa na la kufanya ila kusoma, na alichokisoma zaidi ni Biblia, hususan visa vya Agano la Kale. Alipopata nafuu na kwenda shambani wakati wa mavuno, alianza kuwasimulia wavunaji visa vile. Wavunaji walimsikiliza, na wapo waliotabiri kwamba mtoto huyo angekuja kuwa mhubiri. Hapo hapakuwa na woga wowote. Mtoto hutoa alicho nacho kama anavyogawa tunda aliloliokota, bila kujiuliza atachukuliwaje na wanaomsikiliza.

Baadaye alipelekwa katika shule ya Tübingen, akawa anakwenda huko kwa miguu kila siku. Huko alipewa kitabu cha ramani. Alipoitazama Afrika ya Mashariki, alishangaa kuona maeneo makubwa ambayo mchoraji hakuyaandika jina lolote, akabaki kujiuliza ni viumbe gani walioishi humo. Siku moja mwalimu mkuu aliwasomea wanafunzi makala kuhusu kazi ya umisionari. Mambo hayo mawili, ramani yenye mapengo na habari za wahubiri wa mbali, yaliungana akilini mwa kijana. Mnamo mwaka wa 1827, akiwa na miaka 17, alijiunga na chuo cha wamisionari cha Basel nchini Uswisi.

Ujasiri Ulipopotea

Lau maisha yake yangekwenda moja kwa moja kutoka Basel hadi Mombasa, hadithi hii ingekuwa fupi. Sivyo ilivyokuwa. Akiwa chuoni alizama katika maandishi ya kifumbo ya wacha Mungu wa kale, akaanza kuishuku nafsi yake. Alijiuliza iwapo kweli ameitwa na Mungu, au ameitwa na tamaa yake ya kusafiri. Shaka ilipomzidi aliondoka Basel, akarejea nyumbani, na hatimaye akasoma theolojia katika Chuo Kikuu cha Tübingen. Alihitimu mwaka wa 1834 na kuanza kazi kama kasisi msaidizi katika vijiji vya kwao.

Huko nako alijikwaa kwa namna tofauti kabisa. Safari hii hakukosa ujasiri. Alihubiri kuhusu siku za mwisho wa dunia kwa ukali uliomletea matatizo na wakuu wa kanisa, naye akaiacha kazi hiyo. Basel alinyamazishwa na shaka, na katika mimbari ya kijijini akaponzwa na usemi. Ilimbidi ajifunze kwamba ushupavu wa kutisha watu kwa maneno na ujasiri wa kuwashirikisha watu imani ni mambo mawili yasiyofanana.

Aliyemwokoa katika hali hiyo ni rafiki yake, Peter Fjellstedt, mmisionari Mswidi ambaye alikuwa tayari katika utumishi. Fjellstedt alimtia moyo airudie nia yake ya zamani. Chama cha kimisionari cha Kianglikana cha Uingereza, kijulikanacho kama CMS, kilikuwa na uhitaji wa mtu wa kwenda Uhabeshi, ambayo ndiyo Ethiopia ya leo, baada ya mmisionari mmoja kufariki Cairo. Krapf alikubali. Mapema mwaka wa 1837, akiwa na umri wa miaka 27, aliondoka kwao.

Milango Iliyofungwa ya Uhabeshi

Uhabeshi ilikuwa na Ukristo wake wa kale, uliotangulia Ukristo wa Wajerumani kwa karne nyingi. Krapf alipofika Adwa mwishoni mwa mwaka wa 1837, alikuta makasisi wenyeji ambao hawakuona sababu ya kufundishwa na wageni. Mwaka wa 1838 yeye na wenzake walifukuzwa. Aliingia tena kwa njia nyingine, na mwaka wa 1839 akafika Shewa, kwa mfalme Sahle Selassie. Huko aliishi hadi mwaka wa 1842, akajifunza lugha ya Waoromo na kutafsiri sehemu za Injili katika lugha hiyo. Moyo wake uliwaelekea Waoromo kiasi kwamba aliamini Afrika ya Mashariki yote ingefikiwa kupitia kwao. Tathmini hiyo haikuwa sahihi, lakini ndiyo iliyomleta kwenye pwani ya Waswahili.

Mwaka wa 1842 aliondoka Shewa kwenda pwani kumpokea mchumba wake, Rosine Dietrich, aliyekuwa akitokea Basel. Njiani, katika nchi ya Wollo, chifu mmoja alimkamata na kumnyang'anya karibu kila kitu. Alifika pwani kama ombaomba. Yeye na Rosine walifunga ndoa Misri mwaka huohuo. Walipojaribu kurejea Shewa, njia ilikuwa imefungwa. Katika jangwa la mpakani Rosine alijifungua mtoto wa kike kabla ya wakati, naye mtoto hakuishi. Walimpa jina la Eneba, ambalo kwa Kiamhari lina maana ya chozi, wakamzika kando ya njia na kuendelea na safari.

Mtu mwingine angesema kwamba ishara zimetosha. Krapf alifukuzwa, akaporwa, akamzika mwanawe. Yeye aliziona ishara hizo kama maelekezo ya njia. Kwa kuwa kaskazini hakuingiliki, akaamua kuwaendea Waoromo kutoka kusini, kupitia pwani iliyokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar.

Mombasa, 1844

Safari kutoka Aden mwezi wa Novemba 1843 ilikaribia kuwamaliza. Chombo chao kilivuja maji katikati ya dhoruba, wakaokolewa na mashua nyingine. Mara ya pili walifanikiwa. Mapema mwezi wa Januari 1844 Krapf alikanyaga kisiwa cha Mombasa, na siku chache baadaye akafika Zanzibar. Sayyid Said alimpokea kwa heshima na kumpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani. Mtawala Mwislamu alimwandikia mhubiri Mkristo barua ya kumfungulia milango. Ukweli huu hausemwi vya kutosha. Mwezi wa Mei mume na mke walihamia Mombasa.

Hapo ndipo alipoanza masomo ya Kiswahili kwa dhati. Hakukuwa na kitabu cha kumfundisha mgeni lugha hii kwa hati za Kirumi, ingawa Waswahili wenyewe walikuwa na fasihi andishi ya karne nyingi kwa hati za Kiarabu. Mwalimu wake mkuu alikuwa kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhiddin. Tarehe 8 Juni 1844 alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa msaada wa kadhi huyo. Hebu msomaji apige picha ya wanazuoni wawili wameketi. Mmoja ni hakimu wa sheria ya Kiislamu, mwingine mhubiri wa Kilutheri, na baina yao kuna kisa cha kuumbwa kwa ulimwengu, ambacho wote wawili walikijua kwa namna zao tangu utotoni. Mgeni anauliza neno, mwenyeji anampa. Kila neno alilolihitaji Krapf ili aieleze imani yake lilipitia kinywani mwa mtu ambaye hakuwa na imani hiyo.

Ujasiri huu ulikuwa wa aina ambayo hakuwa nayo katika mimbari ya kwao. Anayejifunza lugha ukubwani hukosea mbele ya watoto. Ngeli humpiga chenga, naye huchekwa sokoni. Msomi wa Tübingen, aliyezijua lugha za Biblia za kale, alilazimika kurudi kuwa mwanagenzi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Krapf aliinama.

Kaburi Kando ya Njia

Wiki chache tu zilikuwa zimepita. Mwezi wa Julai, homa ya pwani iliwapata wote wawili. Rosine alikuwa amejifungua binti mwanzoni mwa mwezi. Homa ilimzidi, akafariki tarehe 13. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kitandani kiasi kwamba alijikokota kwa shida kwenda kuhakikisha kwamba kweli mkewe amekata roho. Siku chache baadaye mtoto naye alimfuata mama yake.

Kabla ya kufa Rosine alikuwa na ombi moja. Aliomba azikwe ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara, kando ya njia waliyoipita watu wa bara wakija Mombasa, ili kaburi lake liwakumbushe wapita njia jambo lililowaleta wageni hawa nchini mwao. Ombi hilo lilitekelezwa. Kaburi liko upande wa Nyali hadi leo. Mwanamke aliyeishi Mombasa kwa miezi miwili tu, na ambaye hakupata muda wa kuimudu lugha ya wenyeji, alitafuta namna ya kuendelea kushuhudia hata baada ya kunyamaza.

Krapf aliwaandikia viongozi wa CMS huko London kuwaarifu kwamba sasa wana kaburi katika pwani ya Afrika ya Mashariki, na kwamba kaburi hilo ni dalili kuwa vita vimeanza na kuwa saa ya kuliendea bara kutoka upande wa mashariki imewadia. Barua hiyo imenukuliwa mara nyingi katika historia za makanisa, hata imekuwa kama wimbo. Yafaa isomwe pamoja na hali ya mwandishi wake. Aliiandika akiwa mgonjwa, mjane, katika nyumba ambayo watu wawili kati ya watatu walikuwa wamekufa. Hakumwandikia mtu wa kumshangilia. Swali lililomkabili lilikuwa rahisi na gumu kwa wakati mmoja: je, jambo alilokuja kuwaambia watu lilikuwa kweli kiasi cha kustahili gharama ile? Angeondoka, hakuna ambaye angemlaumu. Alibaki, akalirudia dawati lake.

Kazi ya lugha iliendelea. Sura 3 za kwanza za tafsiri yake ya Mwanzo zilichapishwa Marekani mwaka wa 1847 katika jarida la American Oriental Society, nazo ni miongoni mwa maandishi ya mwanzo kabisa ya Kiswahili kupigwa chapa. Aliitafsiri pia sehemu kubwa ya Agano Jipya, na akaendelea kukusanya maneno kwa ajili ya kamusi.

Rabai: Kusema na Kutosikilizwa

Mwezi wa Juni 1846 alifika mwenzake, Johannes Rebmann, Mjerumani kutoka Württemberg vilevile. Mnamo tarehe 25 Agosti mwaka huo wawili hao walipanda vilima vya Rabai kuanzisha kituo, kwa ridhaa ya wazee wa kaya. Wote walikuwa na homa, na punda alikuwa mmoja, wakawa wanapokezana kumpanda. Walijenga nyumba yao kwa mikono yao.

Ndipo ulipokuja mtihani ambao vitabu vya kusifu mashujaa hupenda kuupita haraka. Warabai hawakuwadhuru. Walikuwa wakarimu, wakawapa ardhi na amani. Jambo ambalo hawakulifanya ni kuamini. Wapo waliohudhuria ibada za kwanza na kuuliza watapewa chakula gani kwa kuja kusikiliza. Swali hilo halikuwa la ujinga. Katika utamaduni wao, mkutano wa wazee uliandamana na kula na kunywa pamoja, na mtu aliyewaita watu bila kuwaandalia chochote alikuwa mtu wa ajabu. Tena, walikuwa na Mulungu wao, kaya zao, na taratibu zilizowafaa. Mgeni aliwaambia nini ambacho wazee wao hawakukijua?

Kufukuzwa kunauma, lakini humpa mfukuzwa heshima fulani. Kupuuzwa hakumpi chochote. Krapf alikuwa amepitia dhoruba, uporaji na mauti. Sasa alilazimika kuamka kila siku, kwenda kibanda kwa kibanda, shamba kwa shamba, na kusema jambo lilelile kwa watu waliomsikiliza kwa adabu na kurudi kwenye jembe lao. Hapana budi kukiri pia kwamba mwenyewe alichangia ugumu huo. Maandishi yake yana maneno ya dharau kuhusu mila za watu aliokuwa akiwahubiria. Aliwaita Wanyika, jina ambalo Wamijikenda wa leo hawalitaki. Ngoma, tembo la mnazi na matambiko aliyaona yote kama giza. Aliuona Uislamu kama mpinzani wa kushindana naye, na mojawapo ya sababu zake za kupendelea hati za Kirumi badala ya za Kiarabu katika kuandika Kiswahili ilikuwa kuipunguza nguvu ya dini hiyo. Mtu aliyesaidiwa na kadhi kulipata kila neno hakulilipa deni hilo kwa ukamilifu. Ujasiri wa kusema alikuwa nao tele, ila ujasiri wa kusikia ulimjia kwa vipande.

Hata hivyo, mtu mmoja alisikiliza. Jina lake ni Mringe. Alikuwa mlemavu, maskini, mtu ambaye jamii haikumtegemea kwa vita wala kwa kilimo. Alikuwa na muda wa kukaa na kuuliza maswali, na wamisionari walikuwa na muda wa kumjibu. Alibatizwa akiwa mahututi, akafa muda mfupi baadaye. Huyo ndiye Mkristo wa kwanza wa kituo cha Rabai. Kwa hesabu za London hayo hayakuwa mavuno. Kwa Krapf, aliyekuwa ameota juu ya mataifa mazima yakigeuka, ilibidi iwe fundisho kwamba imani huenda kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa mwingine.

Ukambani na Mtutu wa Bunduki

Krapf hakuwa mtu wa kukaa mahali pamoja. Mwaka wa 1848 alikwenda Usambara kwa mtawala Kimweri. Mwezi wa Novemba 1849 alikwenda Ukambani, akapokewa Kitui na Kivoi, kiongozi na mfanyabiashara mashuhuri wa misafara. Tarehe 3 Desemba mwaka huo aliuona kwa mbali mlima wenye theluji ambao Wakamba walimtajia jina lake, naye akaliandika kwa kadiri alivyolisikia. Jina hilo ndilo lililokuja kuwa la nchi ya Kenya.

Mwaka wa 1850 alirudi Ulaya kwa muda. Huko Tübingen alichapisha sarufi yake ya Kiswahili pamoja na msamiati linganishi wa lugha 6 za Afrika ya Mashariki. Alizungumza na viongozi wa CMS kuhusu ndoto ya kuwa na mlolongo wa vituo kutoka pwani ya mashariki hadi ya magharibi. Alirejea mwaka wa 1851 na wasaidizi wapya. Mmoja wao, Pfefferle, alifariki kwa homa mara tu baada ya kufika.

Mwezi wa Julai 1851 alianza tena safari ya Ukambani, akikusudia kuanzisha kituo huko. Mwezi wa Agosti, karibu na Mto Tana, msafara wa Kivoi ulishambuliwa na Kivoi akauawa. Krapf alitoroka peke yake, akajificha mchana na kutembea usiku. Alipoupata mto alikunywa, kisha akajaza maji katika mkoba wa ngozi wa darubini yake na katika mtutu wa bunduki, kwa kuwa hakuwa na kibuyu. Njaa ilipomkaba alijaribu kula majani na hata baruti. Baadhi ya ndugu za Kivoi walimlaumu kwa kutomlinda mwenyeji wake, naye akaona kwamba maisha yake yamo hatarini hata miongoni mwa marafiki. Alifika Rabai akiwa hai baada ya watu wengi kuamini kwamba amekufa.

Katika picha ya mtutu uliojazwa maji muna jambo la kutafakari. Bunduki ambayo aliibeba kwa ajili ya usalama haikumfaa kitu siku ya shambulio. Ilimfaa ilipogeuzwa chombo cha kunywea. Krapf alijua tangu hapo kwamba mpango wake wa mlolongo wa vituo hautatekelezwa kwa nguvu za mtu mmoja.

Korntal

Afya yake ilivunjika. Mwaka wa 1853 aliondoka Mombasa. Miaka 9 ya kazi ilikuwa imezaa waumini wanaoweza kuhesabiwa kwa vidole vya mkono mmoja. Rebmann alibaki Rabai, akaendelea hadi mwaka wa 1875, macho yake yakififia mpaka akawa kipofu. Krapf aliishi Korntal, karibu na Stuttgart. Kitabu chake cha safari kilitoka kwa Kiingereza mwaka wa 1860. Mwaka wa 1862 alirudi pwani kwa muda mfupi kuwasaidia Wamethodisti kuanzisha kituo cha Ribe, ambako Thomas Wakefield aliendelea na kazi. Miaka ya 1867 na 1868 aliajiriwa kama mkalimani wa jeshi la Waingereza lililokwenda Uhabeshi, hadi afya ilipomrudisha nyumbani. Rebmann aliporejea akiwa kipofu, alikuja kuishi Korntal karibu na rafiki yake, akafariki mwaka wa 1876.

Katika miaka hiyo habari za pwani ziliendelea kumfikia. Kuanzia mwaka wa 1864 walifika Rabai Waafrika waliokuwa wamekombolewa kutoka utumwani na kusomeshwa Nasik, nchini India. Miongoni mwao walikuwamo George David, William Jones na Ishmael Semler. Mwaka wa 1875 kituo cha Frere Town kilianzishwa upande wa bara, mkabala na kisiwa cha Mombasa, kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Waafrika hao ndio waliolijenga kanisa la pwani. Wengi wao walikuwa wamepokonywa kwao, wakauzwa, wakavushwa bahari. Walipozungumza habari za kukombolewa, hawakuhitaji kamusi ya mtu yeyote ili waeleweke. Jones na Semler walipewa daraja la ushemasi mwaka wa 1885. Shabaha ya Krapf ilitimizwa na watu ambao yeye hakuwabatiza wala kuwafundisha.

Tarehe 26 Novemba 1881 Krapf alikutwa amefariki chumbani mwake, akiwa amepiga magoti kando ya kitanda. Meza yake ilikuwa na kazi ya lugha hadi siku za mwisho. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa London mwaka uliofuata. Humo mumejaa maneno ya Kimvita aliyoyasikia Mombasa na vitongoji vyake: ya mavazi, ya vyakula, ya upepo na vyombo vya baharini, ya ndoa na ya mazishi, ya msikitini na ya sokoni. Mtu aliyekuja kusema jambo moja tu alilazimika kwanza kusikiliza maelfu ya mambo mengine.

Mwaka wa 1928, wajumbe walipokutana Mombasa kuamua lahaja ya kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, Kiunguja kilichaguliwa na Kimvita kikaachwa. Lahaja aliyoishughulikia Krapf ikawekwa kando katika vitabu vya shule. Kamusi yake, hata hivyo, bado hufunguliwa na watafiti wa Kimvita, Waislamu kwa Wakristo, wanapotaka kujua neno fulani lilitamkwaje na kutumiwaje katika mitaa ya Mombasa wakati Sheikh Ali bin Muhiddin alipokuwa kadhi, na mgeni mwenye homa alipokuwa akimuuliza maana yake.